Shetani Naye Anaijua Biblia: Kanuni za Kulisoma Neno la Mungu Bila Kupotoka



Mpendwa kijana, leo tuanzie jangwani (Mt 4:1-11). Injili hii tunaisoma Dominika ya kwanza ya Kwaresima, mwaka A. Bwana wetu amefunga siku 40 mchana na usiku. Ana njaa. Mshawishi anamjia, na mara ya kwanza anamjia kwa habari ya mkate. Yesu anamjibu kwa Maandiko. Basi Shetani anabadilisha mbinu. Mara ya pili anakuja na Maandiko mdomoni. Anampeleka Yesu juu ya kinara cha hekalu, anamwambia ajitupe chini, na sababu anayotoa ni kwamba imeandikwa: Mungu atawaagiza malaika wake wamchukue mikononi mwao, asije akajikwaa mguu kwenye jiwe.

Hebu tulia kidogo hapo. Maneno aliyoyasema Shetani hakuyatunga. Yamo kweli kwenye Zaburi ya 91, mstari wa 11 na wa 12. Mtu angeyaweka leo kwenye status, wengi tungeandika "Amina, napokea!" na kuyatuma kwenye makundi matatu.

Lakini angalia alivyoyatumia. Kwanza, alikata kipande. Zaburi inasema malaika wanamlinda mtu katika njia zake zote, yaani anapokwenda katika maisha yake akimtumaini Mungu. Hicho kipande cha "njia" Shetani alikiruka, maana kujirusha kutoka juu ya jengo si njia ya mtu yeyote. Pili, aliishia mstari wa 12. Mstari wa 13 unasema anayemtumaini Mungu atawakanyaga simba na nyoka. Unadhani aliishia pale kwa bahati tu? Tatu, aliuchukua wimbo unaofundisha kumtumaini Mungu akaugeuza kuwa kisingizio cha kumjaribu Mungu.

Sasa sikia jibu la Yesu. Hakusema Zaburi imekosea. Alisema imeandikwa pia kwamba mtu asimjaribu Bwana Mungu wake. Neno hilo ni la Kumbukumbu la Torati 6:16, nalo linakumbusha kisa cha Masa, pale Waisraeli walipokosa maji wakaanza kuuliza kama kweli Mungu yuko kati yao au la (Kut 17:1-7). Yaani Yesu anaujua mstari, anaijua sura, na anakijua kisa kilichozaa mstari huo.

Shika neno hilo dogo: "pia". Shetani alikuwa na "imeandikwa". Yesu alikuwa na "imeandikwa pia". Mambo yote tutakayoyasema leo yamo humo.

Ni jambo la kufa na kupona

Kuna kijana atasema, "Aa, hayo ni mambo ya mapadre na maseminari. Mimi nasoma mstari wangu asubuhi, unanipa nguvu, basi." Ni vizuri kusoma kila asubuhi, usiache. Ila usidhani kupotosha Neno ni kosa dogo la darasani.

Aprili 2023 polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili iliyopatikana ilizidi 400, na kati yao walikuwamo watoto wengi. Baadhi ya walionusurika walisimulia kwamba walifundishwa kufunga kula mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Ya mahakamani tuwaachie mahakimu. Sisi tujiulize la kwetu: watu wale hawakuwa wapagani. Walikuwa watu wa kusali, wenye Biblia mikononi, wanaoimba. Ni jaribu lile lile la kinara cha hekalu: jitupe, Mungu atakudaka.

Na siyo lazima twende mpaka msituni. Unakuta binti ameacha dawa zake kwa sababu ameambiwa anayemeza dawa hana imani. Unakuta kijana wa chuo ametoa boom yote kama "mbegu", halafu anashinda njaa muhula mzima akisubiri mavuno. Unakuta mwingine hasalimiani tena na mama yake, eti Yesu alisema tuwachukie wazazi. Wote wana mstari. Ukiwauliza, wanakutajia sura na aya.

Mtume Petro aliliona hili mapema. Anasema katika barua za Paulo mna mambo magumu kuelewa, na wapo watu wanaoyapotosha, pamoja na Maandiko mengine, kwa maangamizi yao wenyewe (2Pet 3:16). Kwa hiyo tujifunze kusoma. Kanisa limetuwekea njia wazi kabisa, hasa katika Dei Verbum, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Ufunuo wa Mungu, iliyotangazwa na Papa Paulo VI tarehe 18 Novemba 1965, na katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 101 hadi 141. Hapa nakupa kanuni sita.

1. Usisome mstari peke yake, soma ulipokaa

Chukua mstari ambao vijana wengi tunaupenda: Yeremia 29:11. Pale Mungu anasema anayajua mawazo anayowawazia watu wake, nayo ni mawazo ya amani, ya kuwapa tumaini na siku za mbele. Tunauandika kwenye kadi za mahafali. Tunautumia kabla ya usaili wa kazi. Halafu kazi ikikosekana tunaanza kujiuliza kama Mungu ametudanganya.

Sasa fungua sura yote. Utakuta ile ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu anawaandikia Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli na mfalme Nebukadreza. Ukirudi sura ya 28 utakutana na nabii mmoja aitwaye Hanania. Huyu alikuwa anawahubiria watu ujumbe mtamu sana: ndani ya miaka miwili tu Mungu atavunja nira ya Babeli na mateka watarudi. Watu waliupenda. Hata ile nira ya mti aliyovaa Yeremia shingoni kama ishara, Hanania aliivunja mbele ya watu. Lakini Mungu hakumtuma Hanania, na mwaka ule ule akafa.

Barua ya Yeremia inasema kingine. Jengeni nyumba, mkae. Pandeni bustani, mle matunda yake. Oeni, mzae. Uombeeni amani mji ule mliopelekwa utumwani. Na mstari wa 10, ule unaotangulia mstari wetu mpendwa, unataja muda: miaka 70. Fikiria mzee wa miaka 50 anayesomewa barua hiyo kule Babeli. Yeye hatarudi. Atazikwa ugenini. Pengine wajukuu wake ndio watakaorudi. Huyo ndiye anaambiwa kwamba Mungu anamwazia amani.

Unaona sasa? Mstari ule haukuandikwa kumwahidi mtu kwamba mambo yatanyooka wiki ijayo. Aliyeahidi hivyo alikuwa Hanania! Mungu anawaambia watu waliopoteza kila kitu kwamba hajawasahau, kwa hiyo wasikate tamaa na wasikae bure, waishi na wafanye kazi. Tena anasema na "ninyi", taifa zima, wala si na mtu mmoja mwenye ndoto zake. Kijana uliyemaliza chuo ukakaa nyumbani miaka mitatu bila ajira, mstari huu ni wako kweli, tena kuliko ulivyodhani. Unakwambia: panda bustani yako hapo hapo ulipo. Mungu hahesabu siku kama Hanania.

Fanya hivyo hivyo na Wafilipi 4:13, pale Paulo anaposema anayaweza yote katika yeye anayemtia nguvu. Kabla hujaubandika ukutani kwa ajili ya mtihani au mechi, soma mstari wa 12. Paulo yuko kifungoni, na hayo "yote" anayoyaweza ameyataja: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Anasema ana nguvu ya kubaki na Kristo hata akikosa.

2. Jua unasoma maandishi ya aina gani

Sisi tuliokua na methali hatupati shida hapa. Mtu akikwambia haba na haba hujaza kibaba, huendi kuchukua kibaba upime. Rafiki akisema "nimekufa kwa njaa", huitishi mchango wa msiba. Unajua maneno yanasema nini na yanasemwaje.

Biblia si kitabu kimoja cha aina moja. Ni kama maktaba. Ina historia, sheria, nyimbo, methali, unabii, mifano, barua, na maandishi ya maono kama Kitabu cha Ufunuo. Mtaguso unatufundisha kwamba ili tujue mwandishi alikusudia kusema nini, lazima tuangalie aina ya uandishi aliyoitumia (Dei Verbum 12). Ukweli unasemwa namna moja katika wimbo na namna nyingine katika barua.

Kwa mfano Yesu anasema mkono wako ukikukosesha, ukate (Mk 9:43). Kanisa halijawahi kufundisha watu wakate viungo vyao. Yesu anasema kwa namna ya kutikisa, kama mwalimu wa Kiyahudi wa wakati wake, ili tujue dhambi haichezewi. Kuulainisha mpaka usiumize tena ni kosa, na kuuchukulia kisu nako ni kosa. Ukitaka kuutii, futa ile namba, vunja ule uhusiano, toka kwenye lile kundi. Hapo ndipo mkono unapokatwa.

Na Ufunuo? Namba zake na wanyama wake ni lugha ya picha, iliyoandikiwa Wakristo waliokuwa wanateswa, ili wajue Mwanakondoo ameshinda. Anayekuletea tarehe ya mwisho wa dunia kutoka kwenye kitabu hicho, mkumbushe Yesu alisema siku ile hakuna aijuaye ila Baba (Mk 13:32).

3. Jua maneno yalimaanisha nini kwa walioyasikia kwanza

Biblia iliandikwa kwa Kiebrania, Kiaramu na Kigiriki, na watu wenye desturi zao. Tukiyapa maneno yao maana tunayoitaka sisi, tutapotea.

Utaulizwa chuoni: "Ninyi Wakatoliki mnasema Maria ni Bikira daima, mbona Marko 6:3 inawataja ndugu zake Yesu, Yakobo na Yose na Yuda na Simoni?" Usigombane. Muulize naye, nyumbani kwao mtoto wa baba mdogo anamwitaje? Sisi tunamwita ndugu, wala hakuna anayeshangaa. Kwa Waebrania ilikuwa hivyo hivyo. Loti alikuwa mtoto wa kaka yake Abramu (Mwa 11:27), lakini Abramu anamwambia kwamba wao ni ndugu (Mwa 13:8). Na Marko huyo huyo, katika 15:40, anamtaja Maria mwingine aliyekuwa akitazama kwa mbali pale msalabani, mama yao Yakobo mdogo na Yose. Kwa hiyo neno "ndugu" peke yake haliwezi kubeba hoja hiyo.

Mfano mwingine ni ule wa kuwachukia wazazi, Luka 14:26. Katika namna ya kusema ya Kiyahudi, kumpenda mmoja na kumchukia mwingine mara nyingi maana yake ni kumtanguliza mmoja kuliko mwingine. Tunajuaje? Mathayo anatupatia fundisho hilo hilo kwa maneno ya wazi: asiyestahili ni yule anayempenda baba au mama kuliko Yesu (Mt 10:37). Tena Yesu huyo huyo aliwakemea vikali watu waliosema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao (Mk 7:9-13). Kijana, ukiona kikundi cha sala kinakufundisha kumdharau mama yako aliyekuzaa, jua hapo mstari umekatwa.

4. Acha Biblia yote iseme

Hii ndiyo "imeandikwa pia" yenyewe. Katekisimu (namba 112) inatutaka tuangalie umoja wa Maandiko yote, kwa sababu mpango wa Mungu ni mmoja na kitovu chake ni Kristo. Mstari ukionekana kugombana na Injili nzima, aliyekosea ni msomaji.

Tuwarudie wale tuliowataja mwanzoni. Aliyetoa boom yote alitajiwa Malaki 3:10, habari ya kuleta zaka ghalani na madirisha ya mbinguni kufunguliwa. Ni Neno la Mungu, na sisi Wakatoliki tuna wajibu wa kulitegemeza Kanisa kwa zaka kila mtu kadiri anavyoweza. Lakini imeandikwa pia, katika sura hiyo hiyo, mstari wa 5, kwamba Mungu atawashuhudia vikali wanaomwonea mwenye kibarua katika ujira wake, mjane na yatima. Na imeandikwa pia kwamba Yesu aliwaonya watu juu ya walimu wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu (Mk 12:40). Ukisoma yote pamoja huwezi kuitumia Malaki kumkamua mtu maskini.

Aliyeacha dawa aliambiwa kwamba imani inaponya. Ni kweli, Yesu aliponya wengi, na leo Kanisa linawapaka wagonjwa mafuta kama Yakobo anavyoagiza (Yak 5:14). Lakini imeandikwa pia katika Yoshua bin Sira 38:1-15 kwamba tabibu aheshimiwe maana Mungu ndiye aliyemuumba, na kwamba Bwana ametoa dawa katika ardhi na mwenye busara hatazidharau. Sura hiyo inamwambia mgonjwa asali, atubu, kisha ampe tabibu nafasi. Vyote viwili! Kitabu hiki hukipati kwenye Biblia yenye vitabu 66, kwa hiyo hakikisha Biblia yako ina vitabu vyote 73. Na Paulo, ambaye Mungu alitenda miujiza kwa mikono yake, alimshauri Timoteo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1Tim 5:23). Hakumwambia hana imani.

Na waliofunga mpaka kufa? Kufunga ni kwema, Bwana mwenyewe alifunga. Lakini imeandikwa pia katika Isaya 58 kwamba mfungo anaoupenda Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Na kuna kitu kimoja kidogo kwenye Marko 5:43 ambacho huwa tunakipita haraka. Yesu ameingia nyumbani kwa Yairo, amemshika mkono binti wa miaka 12 aliyekufa, amemwinua. Watu wote wameshikwa na mshangao mkuu. Katikati ya mshangao ule Yesu anakumbuka jambo moja: anaagiza mtoto apewe chakula.

Soma tena. Yule aliye Ufufuo na Uzima, akishamfufua mtoto, anataka ale. Mhubiri anayeagiza watoto wanyimwe chakula kwa jina la Yesu hajamjua Yesu, hata kama ameikariri Biblia yote.

5. Soma pamoja na Kanisa

Katika Matendo 8:26-40 tunakutana na Mwafrika mwenzetu, towashi Mwethiopia, waziri wa hazina wa malkia Kandake. Ni msomi, ni mtu mkubwa, ana gari lake na ana hati ya nabii Isaya, kitu ambacho wakati ule hakikuwa rahisi kupata. Filipo anamkuta anasoma kwa sauti, anamuuliza kama anaelewa. Yule mkubwa haoni aibu. Anajibu kwamba hawezi kuelewa pasipo mtu wa kumwongoza, kisha anamkaribisha Filipo akae naye. Safari ile iliishia kwenye maji ya ubatizo.

Sisi siku hizi tuna Biblia kwenye simu, na pale pale kwenye simu tuna wahubiri elfu. Filipo wetu ni nani? Ni Kanisa. Kumbuka Biblia haikushuka kutoka mbinguni ikiwa na jalada. Waliotambua vitabu vipi ni Neno la Mungu ni maaskofu wa Kanisa wakiongozwa na Roho Mtakatifu. Orodha ya vitabu vyetu ilithibitishwa katika mitaguso iliyofanyika hapa hapa Afrika, Hippo mwaka 393, mji ulio Algeria ya leo, na Karthago mwaka 397, ilipo Tunisia ya leo. Mtaguso wa Trento uliitangaza rasmi mwaka 1546. Sasa, kama tunaliamini Kanisa lilipotuambia "hiki ni Neno la Mungu", kwa nini tusilisikilize linapotufafanulia maana yake?

Dei Verbum namba 10 inaeleza kwamba kazi ya kulifafanua Neno la Mungu kwa mamlaka imekabidhiwa kwa Mamlaka ya Kanisa ya kufundisha, yaani Papa na maaskofu walio katika umoja naye. Na inaongeza jambo la muhimu: mamlaka hiyo haiko juu ya Neno la Mungu, inalitumikia. Hata Papa hawezi kuigeuza Biblia iseme anachotaka yeye. Analinda alichopokea kutoka kwa Mitume.

Kwa hiyo tafsiri mpya kabisa, ambayo Mababa wa Kanisa hawakuijua, watakatifu hawakuiishi na Kanisa halijawahi kuifundisha, halafu imemshukia mtu mmoja usiku wa jana, ikimbie. Petro anasema hakuna unabii katika Maandiko ulio wa kufasiriwa kama mtu apendavyo mwenyewe (2Pet 1:20).

6. Mtafute Kristo, kisha uishi ulichosoma

Kanisa linatufundisha kwamba Maandiko yana maana ya maneno yenyewe, na juu ya msingi huo yana maana ya kiroho (KKK 115-118). Chukua Waisraeli wakivuka bahari (Kut 14). Maana ya kwanza ni ile iliyoandikwa: Mungu aliwatoa watu wake utumwani. Ukiingia ndani, unamwona Kristo na ubatizo wetu, kama Paulo anavyoeleza katika 1Kor 10:1-2. Unapata pia fundisho la kuishi: ukishavuka, usirudi Misri kwa dhambi zako za zamani. Na unapata tumaini: tunasafiri kwenda nchi ya ahadi ya kweli, mbinguni. Ila usirukie maana ya kiroho kabla hujashika ile ya kwanza. Nyumba huanza na msingi.

Katika njia ya Emau (Lk 24:13-35) wale wanafunzi wawili walikuwa wanayajua Maandiko tangu utoto, na bado walikuwa wamevunjika moyo. Mpaka Yesu alipowafafanulia mambo yaliyomhusu yeye, ndipo mioyo yao ikawaka. Kisha wakamtambua katika kuumega mkate. Neno na Ekaristi. Ndiyo Misa yenyewe hiyo!

Sasa ufanyeje?

Najua hatari nyingine ipo: kijana akisikia haya yote anaogopa, anaifunga Biblia, anairudisha kabatini mpaka Pasaka ijayo. La hasha. Mtakatifu Yeronimo, aliyetumia miaka mingi ya maisha yake kuyatafsiri Maandiko kwa Kilatini, aliona kwamba asiyeyajua Maandiko hamjui Kristo. Papa Fransisko mwaka 2019 alitupatia Dominika ya Neno la Mungu, Dominika ya tatu ya kipindi cha kawaida, ili tulipende Neno zaidi. Anayetaka kukupotosha anafurahi ukiwa hujui kitu.

Anza na masomo ya Misa ya kila siku, maana hapo Kanisa lenyewe linakuchagulia. Omba Roho Mtakatifu kabla ya kusoma, kwa sababu Neno husomwa katika Roho yule yule aliyeliandikisha. Soma sura nzima, na utangulizi wa kitabu pamoja na maelezo yaliyo chini ya ukurasa usiviruke. Peleka maswali yako kwenye Jumuiya, kwenye VIWAWA au TYCS, kwa katekista, kwa paroko. Hakuna swali la kijinga kwa anayetaka kumjua Mungu.

Na ukitumiwa mstari kwenye simu ukitakiwa kutoa pesa, kuacha dawa, kuwakimbia ndugu zako au kuuumiza mwili wako, usijibu haraka. Fungua Biblia. Ni nini kilichotangulia mstari huo, na nini kinafuata? Kanisa linasemaje? Na Yesu ninayemjua kwenye Injili, yule aliyeagiza mtoto apewe chakula, angeweza kunitaka nifanye hivi? Kisha mjibu kwa upole kama Bwana alivyojibu: ndugu yangu, imeandikwa pia.

Tusali

Bwana Yesu, Neno uliyefanyika mwili, jangwani ulimshinda mwovu kwa Neno lile lile alilotaka kulipotosha. Utupe Roho wako tunapofungua Maandiko. Utuondolee kiburi cha kudhani tunajua yote, na uvivu wa kutotaka kujua lolote. Uwakumbuke waliokufa kwa kudanganywa kwa jina lako, hasa watoto, uwapokee kwenye karamu yako. Uwalinde vijana wenzetu wanaohangaika leo na mstari uliokatwa. Utupe moyo wa Mama Maria, aliyeyaweka mambo yote moyoni akiyatafakari. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Kwa tafakari ya wiki hii: mstari gani wa Biblia unaupenda kuliko yote? Leo jioni soma sura yake nzima, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Tumsifu Yesu Kristo!